Uzi wa mafundi wa familia, Lubumbashi: kompte ya nani iko ndani ya simu ya mama?

Mufundi_wa_Bure (Katuba)

Jambo kwa wote. Uzi huu ni wa wale ambao siku moja walionekana wakishika kompyuta bila woga, na tangu hapo wakageuzwa mafundi wa ukoo mzima. Kazi hukuiomba, mshahara hakuna, kuacha huwezi. Unafika matanga, hujapata hata kiti, mtu anakuvuta mkono: "Yaya, kuya kidogo, hii telefone inanisumbua." Harusini ni vilevile. Wenzako wanacheza, wewe uko nyuma ya hema unafuta video kwenye simu ya shangazi ili apate nafasi ya picha za bibi harusi.

Kulalamika tutalalamika, lakini nina hoja, na mwenye kuipinga aipinge. Mengi tunayoletewa si ubovu wa simu. Ni mambo ya kompte (akaunti). Mama ananunua simu mjini, inawashwa palepale juu ya meza ya muuzaji, inadai adresi ya Gmail, mama hana. Kijana wa duka anamtungia moja harakaharaka: jina la mwanamuziki, namba tatu nne mbele yake, na neno la siri analolijua yeye na Mungu. Mama anaondoka na furaha yake, WhatsApp inafunguka, maneno yamekwisha. Mpaka siku atakaposahau mchoro wa kufungulia skrini, au mjukuu atakapoukosea mpaka simu ijifunge. Hapo hakosekani mtu wa pembeni wa kusema "mufute tu, itarudi mupya". Wanaifuta kwa vibonyezo vya ubavuni. Inawaka, inadai kompte ya Google iliyokuwamo kabla. Sasa ndipo wanakumbuka kwamba wewe upo.

Kufuli hiyo iliwekwa makusudi tangu Android 5.1, ili mwizi akiiba simu na kuifuta asiweze kuitumia. Haijui kumtofautisha mwizi na mama yako. Na wale wa mjini wanaosema wanaivunja, wengine wanaweza kweli, wengine wanakurudishia simu yenye programu za ajabu ndani ambazo hukuziomba.

Kwa hiyo mimi nikipewa simu ya mtu wa nyumbani, hata kama kilichomleta ni sauti ndogo, kwanza naingia kwenye mipangilio, sehemu ya Google, natazama adresi iliyo pale. "Mama, hii ni yako?" Jibu halibadiliki: "Ile njo ilikuyaka na telefone", yaani ilikuja na simu. Kama simu bado iko wazi, na mwenyewe anajua namba ya skrini yake, tuna bahati. Unaingia kwenye usalama wa kompte, unaomba kubadili neno la siri, unasema umelisahau, na mara nyingi Google inakubali uthibitishe kwa kufuli ya skrini ya simu hiyohiyo. Mama anatunga neno lake. Unaweka namba yake kuwa njia ya kurudisha kompte, unaondoa ya kijana wa duka kama aliiweka. Neno linaandikwa kwenye daftari, na daftari linabaki kwa mama. Si kwangu.

Hayo yafanyike simu ikiwa nzima. Ikishajifunga, hata uwe umesoma mpaka wapi, unabaki kuomba tu.

Mwana_Kamalondo

Simu ya mama yetu ilikuwa na kompte ya mchumba wa zamani wa dada yangu. Yeye ndiye aliyeinunua, zile siku za kutafuta sura nzuri kwa wakwe. Uchumba ukafa, kompte ikabaki. Na kwa kuwa picha zilikuwa zinajihifadhi zenyewe kwenye Google, kila picha ya nyumbani ilikuwa inafika kwake: ubatizo, matanga, watoto wanaogeshwa kwenye beseni. Tulijua siku ya kuzaliwa ya mama, yule mchumba wa zamani alipoweka kwenye status picha ambayo hakuna aliyemtumia.

Mama alifurahi sana. Dada hakufurahi.

Kabini_Ruashi

Mimi niko upande wa pili wa meza, nina kabini ya pesa za simu. Tunasemwa sana, leo niacheni niseme nami.

Watu wananipa simu nzima mkononi na kutaja namba ya siri kwa sauti, foleni yote nyuma yao inasikia. "Andika tu, ni mwaka wa mutoto wangu wa kwanza." Nakataa, namrudishia simu, nageuza uso. Wengine wanakasirika kabisa: "Weye unaniona mushamba?" Nani amewazoesha hivyo? Ni nyinyi watoto wa nyumbani, mnaowafanyia kila kitu wenyewe na namba mnazijua zote.

Halafu kuna hili. Kompte za pesa kwenye simu zetu ni mbili kwa namba moja, ya franka na ya dola. Mtoto aliye Kolwezi anatuma dola, mama anatazama salio la franka, anakuta sifuri, anapiga kelele ameibiwa. Aliyeshika simu ya mwisho ni wewe uliyekwenda kumsaidia Jumapili. Kabla ya kuita wazee, tazameni salio zote mbili.

Mufundi_wa_Bure

Kabini, hapo tuko pamoja. Namba ya siri ya pesa ya mtu mwingine sitaki kuijua, hata ya mke wangu. Nikimfundisha mtu, simu inakaa mikononi mwake, na akifika pa kuandika namba mimi natazama barabara. Pesa ikikosekana, wa kwanza kutazamwa ni yule anayejua. Na kwetu, kutoka "pesa imepotea" mpaka "huyu njo anatumalizaka mu hii nyumba" si safari ndefu.

Etidia_Unilu

Samahani naingilia, shida yangu ni ya sasa hivi. Mashini (kompyuta) ya kaka ni ya mtumba, ilipita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Jana ilifunguka, leo inasema neno la siri si sahihi. Neno ni lilelile, nimeliandika polepole herufi kwa herufi. TFC yangu yote (kazi ya kumalizia masomo) iko ndani. Mwenzangu anasema tuifomati.

Mufundi_wa_Bure

USIFOMATI. Mwenzako mwondoe hapo karibu na mashini.

Mashini nyingi zinazopitia Zambia zina klavie (kibodi) ya Kiingereza, QWERTY. Sisi tumezoea AZERTY ya Kifaransa, kwa hiyo ndani ya Windows mtu anaongeza Kifaransa, mashini inakuwa na lugha mbili. Ukigusa Alt na Shift pamoja bila kujua, inahama. Tangu hapo herufi iliyochorwa siyo inayoandikwa: Q inatoa A, W inatoa Z, M imehamia kuliani kwa L, na namba za juu hazitoki mpaka ushikilie Shift. Na wewe unaona nukta nyeusi tu, unaapa umeandika sawasawa. Umeandika sawasawa kweli, mashini ndiyo inayosoma kingine.

Kwenye skrini ya kuingilia, chini kuliani, tafuta FRA au ENG, igeuze. Halafu andika neno, kisha shikilia alama ya jicho iliyo mwishoni mwa kisanduku uone kilichoandikwa. Utuletee jibu.

Mama_wa_Korali

Wanangu, nyinyi mnaongea Google, sisi kanisani tumevunjwa na namba sita. Dada mmoja wa korali aliandikiwa WhatsApp na prezida wetu: "Dada, nimetuma namba sita kwako kwa makosa, unirudishie." Kweli namba zilikuwa zimeingia kwa SMS. Akarudisha, mtu mwenye adabu. Saa haikwisha, dada huyohuyo anatuomba pesa sisi wote, eti mtoto wake yuko hospitali. Watu wametuma! Kumbe hata prezida alikuwa ameshanyang'anywa WhatsApp yake kabla.

Mwanangu anasema dada anunue SIM mpya na kuacha ile. Ni hivyo?

Mufundi_wa_Bure

Hapana mama, asiitupe namba yake. Hiyo SIM bado ni yake, na ndiyo dawa yenyewe. Aingie WhatsApp upya kwa namba ileile, aombe namba sita, zitakuja kwa SMS kwenye SIM yake, aziingize. Papo hapo mwizi anatolewa nje. Kama mwizi aliwahi kuweka ile namba ya siri ya pili, WhatsApp itamwambia dada asubiri siku 7 ndipo arudi ndani. Asiogope. Katika siku hizo mwizi naye hayumo. Wakati anasubiri, mtu mmoja apige simu, si kuandika, awaambie wanakorali wasitume kitu.

Akirudi: mipangilio, kompte, uthibitishaji wa hatua mbili, atunge namba yake sita. Hizo ni tofauti na zile za SMS, hazitumwi na mtu, ziko kichwani mwake. Korali yote ifanye hivyo kabla ya mazoezi yanayokuja, wewe ukisimamia. Wakikuuliza unajuaje, waambie una mufundi.

Niko_Mbali

Mimi niko Bruxelles, mama yuko Kampemba. Zamani namwambia "mama, gusa juu kuliani", anagusa, ananijibu "imeenda". Imeenda wapi, hatujui mimi wala yeye. Tunaishia kugombana, naye ana kisukari. Tangu 2023 WhatsApp imeweka kuonyesha skrini wakati mnapigiana kwa video, sasa yeye anagusa na mimi naona. Ugomvi umekwisha. Inakula mega (data) lakini, kwa hiyo ninamnunulia forfe (kifurushi) kwanza, na nimemkataza kufungua pesa za simu wakati ninatazama.

Swali: saa ya simu yake inarudi nyuma saa moja. Tunairekebisha, baada ya muda inarudi tena. Juzi amefika misa watu wanatoka. Nilidhani ni mimi ninayechanganya, maana wakati wa baridi huku tuko nyuma yenu saa moja, wakati wa joto tuko sawa.

Mufundi_wa_Bure

Ni Kinshasa inayowasumbua (kwa mengine pia, lakini hapa tuongee saa). Nchi ina majira mawili ya saa (kanda mbili za saa), Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, na simu ikiachwa ijichagulie, nyingine inakwenda kuchagua Kinshasa. Kwenye tarehe na saa, zimeni kuchagua majira kwa yenyewe, halafu mchague Lubumbashi kwenye orodha, jina liko. Msisogeze mshale wa saa tu mkaacha majira ya Kinshasa, maana saa ya juu ya skrini na saa za ujumbe wa WhatsApp hazitapatana, na mama atakupigia tena usiku.

Kaka_Likasi

Mnaongea kama kazi hii ni sadaka ya Jumapili. Mimi natoza. Mama mzazi, baba, bibi: bure. Wengine wote, forfe ya siku, na mwenye simu anakaa kando yangu mpaka nimalize. Haiachi mezani akaenda sokoni.

Mama_wa_Korali

Baba, kutoza damu yako?

Kaka_Likasi

Mama, damu gani? Wanaonijia ni watoto wa shemeji wa jirani. Na mtu akilipa hata kidogo, nikimwambia asifungue kila kiungo cha "umeshinda mega za bure", anasikia. Akifanyiwa bure anarudi na kitu kilekile kabla mwezi haujaisha.

Mufundi_wa_Bure

Kaka, mimi pesa siitaki kwa sababu nyingine. Ukishalipwa umekuwa mufundi wa kweli. Skrini ikizimika yenyewe mwezi ujao, ni wewe uliyeiharibu. Betri ikivimba, ni wewe. Bukari (ugali) na samaki sikatai, bukari haina garanti.

Ila kuna kazi sizifanyi hata kwa dola. Shemeji mmoja alitaka nimwekee programu ya kusoma WhatsApp ya mke wake. Nilimwambia mimi narekebisha simu, ndoa ina wazee wake. Alininunia mpaka Krismasi. Mwingine anataka nimfungulie mtoto wa darasa la tatu Facebook kwa mwaka wa uongo, wakati wao wenyewe wanataka miaka 13. Sizifanyi. Na kama mke wa yule shemeji ataniletea simu yake aniulize kama kuna kitu kimewekwa ndani, nitaitazama.

Kuna na zile zisizo na dawa. Tangu mwanzo wa 2025 WhatsApp imeziacha simu zenye Android iliyo chini ya 5. Babu ana simu yake nzuri, kioo hakina hata mkwaruzo, anasema wewe ndiye hujui. Mweleze kwa upole kisha ukae kimya. Akiipeleka kwa mufundi mwingine na mwingine, ni haki yake.

Mwana_Kamalondo

Na "telefone imejaa"? Kwetu hiyo ndiyo nusu ya kesi zote. Fungua, unakuta maua ya habari za asubuhi, rozari zinazong'aa, video za wahubiri, kila moja imeingia mara nyingi kutoka makundi tofauti.

Mufundi_wa_Bure

Mipangilio ya WhatsApp, hifadhi na data, zima upakuaji wa yenyewe wa picha na video. Mega nazo zitapumua. Kisha ingia kwenye kusimamia hifadhi, inakupangia makundi kwa uzito. Usifute kitu bila mwenyewe kutazama, kwa sababu katikati ya maua hayo iko picha pekee ya marehemu mtu. Na nakala ya WhatsApp siku hizi inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za Google, pamoja na Gmail na picha. Ndiyo maana mtu anashangaa barua zimeacha kuingia kwa sababu ya video za kanisa.

Kitinda_Mimba

Naomba msaada, si jambo la kucheka. Baba alitutoka mwaka jana. Simu yake ina namba ya skrini tusiyoijua. Kaka mkubwa anataka ipelekwe mjini ifutwe ili aitumie. Mimi nataka picha na sauti zake za WhatsApp.

Mufundi_wa_Bure

Pole sana, ndugu. Kaka mkubwa umwombe avumilie kidogo, maana ikifutwa, vilivyo ndani yake tu havirudi. Na hata yeye anaweza asiitumie, kwa kufuli ile niliyoeleza juu.

Anzia kwenye simu yako mwenyewe. Kila sauti baba aliyokutumia wewe iko kwako, na alizowatumia dada na shangazi ziko kwao, kama hawajazifuta. Waambie leo wasifute kitu, kila mmoja azihifadhi nje ya WhatsApp, kwenye kompyuta au Gmail yake. Hapo utapata nyingi kuliko unavyofikiri, bila kuvunja chochote.

Halafu SIM. Msiitupe. Itieni unite (salio) na muitumie mara mojamoja, kwa sababu namba inayokaa kimya muda mrefu kampuni inaweza kuiuza kwa mtu mwingine. Kama baba aliifungamanisha na Gmail yake, kwa SMS ya namba hiyo mnaweza kuingia kwenye kompte, na kama picha zilikuwa zinajihifadhi mtazikuta pale. Nakala ya WhatsApp kama ipo kwenye Google, mnaweza kuirudisha kwenye simu nyingine ya Android kwa namba ileile na Gmail ileile. Msikawie. Google imejiwekea kanuni kwamba kompte isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na picha zake.

Pesa, kama zipo, mwende ofisi ya kampuni na cheti cha kifo, wawili au watatu wa familia pamoja. Hata kama kuna anayejua namba ya siri ya baba, asitoe kimyakimya.

Kitinda_Mimba

Asante mingi. Shangazi ana sauti nyingi, alikuwa anamwimbia. Na SIM kaka alikuwa ameitoa, iko kwenye kabati.

Etidia_Unilu

IMEFUNGUKA! Ilikuwa FRA. Neno la kaka lina A mbili na M, zote zilikuwa zinatoka vingine. Mwenzangu amenyamaza.

Mufundi_wa_Bure

Safi. Kabla ya kitu kingine, hiyo TFC ijitumie kwa Gmail, na kopi nyingine kwenye flashi. Kuran (umeme) ikikatika, chomoa sharjeri mpaka irudi na itulie, mashini ya mtumba haistahimili ule mshtuko wa kurudi.

Etidia_Unilu

Flashi ndiyo hiyo sasa. Nimetoka kuchapisha nayo sura ya kwanza kwenye sibere (duka la intaneti), mafaili yote yamegeuka mishale ya njia za mkato.

Mufundi_wa_Bure

Usibonyeze hata mmoja, na usifomati (najua mwenzako ameshafungua mdomo). Mafaili yako yamo, yamefichwa tu. Kwanza skani flashi kwa antivirusi ya Windows. Halafu fungua dirisha la amri, cmd, na kama flashi yako ni herufi E, andika hivi ilivyo, pamoja na nafasi zake:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri imalize. Folda zako zitaonekana, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Zikopi kwenye mashini, ndipo ufute hiyo mishale. Na kwenye sibere, siku ya kuchapisha sura ya pili, jitumie PDF kwa Gmail uifungulie pale, flashi ibaki nyumbani.